Nguvu Chini ya Mguu

Jumapili baada ya ibada ya kwanza, magari yanayoegeshwa chini ya miti kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Buswelu hayatofautiani sana. Kuna IST na Passo za walimu na wauguzi, Noah moja au mbili za kubeba wanakwaya, Hilux ya mkandarasi, pikipiki nyingi, na bajaji za vijana ambao wakitoka ibadani wanakwenda moja kwa moja kazini. Katikati ya hayo lipo gari la bluu lenye tundu kubwa juu ya boneti na bawa nyuma, Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004. Ni langu. Nimekuwa fundi wa magari kwa miaka 27, niko kipindi cha pili cha uzee wa kanisa, na tangu gari hilo liingie uwanjani hapo nimeulizwa swali moja kwa njia nyingi: mzee, hilo gari la nini?

Swali hilo ni la haki. Usharika wetu bado unajenga. Kila msimu wa mavuno tunapiga mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi ili tupate mabati, na yupo mama mjane ambaye kila Jumapili hutoa shilingi 500 yake kwa uaminifu. Mtu anayekaa benchi moja na mjane huyo, kisha akatoka nje na kuwasha gari la namna hii, anapaswa kuwa na jibu. Nimekubali kuandika ili nijibu, nami nitajitahidi nijibu bila kulipa gari langu utakatifu ambao halina.

Niseme kwanza ni gari gani. Watu wakisikia gari la mbio hufikiria Ferrari au Lamborghini, magari ambayo tumbo lake karibu liguse lami. Kwetu hayo ni ya kuangalia kwenye simu. Likija Buswelu litakwama kwenye tuta la kwanza. Gari la mbio ambalo kweli limewafikia watu wa kawaida wa Afrika Mashariki, likiwa limeshatumika Japani, ni hili la Subaru. Mwaka 1995 Mskoti Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari akiendesha Impreza, na mwaka 1997 akashinda nayo Safari Rally nchini Kenya, mashindano yaleyale yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lililoshinda kwenye vumbi na matope ya kwetu halikuwa mgeni tena. Mwaka uliofuata niliingia gereji moja ya Nyakato kujifunza kazi, nikakuta picha ya gari hilo imebandikwa kwenye mlango wa stoo. Niliifungua na kuifunga stoo hiyo kila siku kwa miaka minne.

Asiye fundi anaweza kudhani tulilipenda kwa sababu ya kasi. Sisi tulipenda ilivyotengenezwa. Katika injini nyingi pistoni zinapanda na kushuka. Katika injini hii zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, zinakwenda na kurudi kama mabondia wawili wanaotupiana ngumi bila kugusana. Kwa kulala hivyo, uzito wa injini unakaa chini, na gari halipepesuki kwenye kona. Nguvu yake inagawanywa kwenye matairi yote manne. Moshi unaotoka kwenye injini hautupwi bure. Kabla ya kwenda nje unazungusha turbo, nayo turbo inasukuma hewa mpya ndani ili petroli iungue vizuri zaidi. Nikifungua injini kama hiyo mezani, namkumbuka Bezaleli katika Kutoka 31, mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanamtaja kwa jina kuwa amejazwa roho ya Mungu, naye hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi. Mungu alimjaza ili afanye kazi njema ya dhahabu, shaba, mawe na miti. Tangu nilipoelewa sura hiyo, sijaona aibu kusimama mbele ya kazi nzuri ya mikono ya mtu na kumshukuru Mungu.

Jina la gari lenyewe linafaa kuelezwa kanisani. Subaru kwa Kijapani ni jina la kundi la nyota ambalo sisi Waswahili tunaliita Kilimia. Ukitazama nembo yake utaona nyota sita, moja kubwa na tano ndogo, kwa sababu kampuni iliyoanza kuyatengeneza iliundwa mwaka 1953 kwa kuunganisha kampuni tano. Jina letu la Kilimia limetoka kwenye kulima. Wazee waliziangalia nyota hizo kujua majira ya mvua na ya jua, na ya kushika jembe. Nyota hizohizo zimo katika Biblia. Katika Ayubu 38 Mungu anamwuliza Ayubu, katikati ya mateso yake, kama yeye anaweza kuifunga Kilimia. Na nabii Amosi, katika sura ya 5, anawaambia Israeli wamtafute yeye aliyeifanya. Kila asubuhi nikifuta vumbi kwenye nembo ile nakutana na swali ambalo Ayubu hakulijibu. Swali hilo linahusu nguvu: ipi ni yako, na ipi umeazimwa tu.

Sasa kununua. Niliweka akiba kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo tuliezeka nyumba, tukachimba kisima, tukasomesha watoto wawili hadi kidato cha sita. Nilipoona fedha imefika mahali pake nilikaa na mke wangu jioni, nikamweleza yote, kiasi kilichopo na kiasi ambacho gari litakula kila mwezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba watoto, mimi sikatai gari. Ninachokataa ni gari kuja kukaa kwenye kiti cha Mungu, au kwenye kiti changu."

Tukapatana mambo matatu. La kwanza, sadaka na ahadi ya jengo zitoke kabla ya petroli. La pili, ada ya watoto isiguswe, hata kama gari litalala juu ya mawe miezi sita. La tatu, kila shilingi inayoingia kwenye gari iandikwe kwenye daftari, na daftari likae kwake. Daftari hilo lipo mpaka leo, la pili sasa, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Gari nililipata Dar es Salaam mwaka 2021, kwa mtu aliyekuwa anahamia nje ya nchi. Lilikuwa limeshalipiwa ushuru zamani, na hiyo ilinifaa, kwa sababu kuliagiza gari la umri huo kutoka Japani ni kulipia pia ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Nilikaa nalo siku nzima kabla ya kutaja bei. Niliomba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayochora gari na kuweka alama kila palipokwaruzwa au kubadilishwa, na nikalinganisha namba ya chesisi. Nilifungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna utando mweupe kama maziwa, ambao ni dalili ya maji kuingia, kwa sababu injini hizi zinajulikana kwa gasketi za hedi kuchoka. Nilishika ncha ya turbo kwa vidole kuona kama inacheza. Nililala chini ya gari na tochi. Jioni tukapatana milioni 27.

Nieleze safari ya kulileta nyumbani, maana hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimenunua nini. Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Kila mwenye kupita njia hiyo anaijua. Unatembea kidogo, unakutana na kibao cha 50, kijiji, matuta, watoto wa shule, mbuzi, na askari mwenye tochi chini ya mti akingoja wa kumwandikia shilingi 30,000. Ukitoka kijijini unakanyaga, na kabla hujakolea unakiona kibao kingine. Nilikuwa nimekalia nguvu ya farasi 280, na kwa sehemu kubwa ya siku mbili nilikwenda mwendo uleule wa mabasi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unajua kitu ambacho macho ya watu barabarani hayakijui. Ningeweza. Kila dakika ya siku hizo mbili ningeweza.

Ajabu yake ni kwamba sikuchoka wala sikuchukia. Karibu na Manyoni nilijikuta naimba. Nilianza kuona kwamba kuwa na nguvu na kutoitumia si sawa na kutokuwa nayo. Aliye ndani ya gari dogo lililochoka anakwenda 50 kwa sababu ndio mwisho wake, wala hakuna sifa katika hilo. Mwenye 280 anayekwenda 50 kwa ajili ya mtoto asiyemjua, aliyebeba ndoo kandokando ya barabara, amefanya kitu kingine. Paulo anapohesabu tunda la Roho katika Wagalatia 5 anamaliza na upole na kiasi. Zamani nilidhani kiasi ni tunda la wazee, watu ambao tamaa zimeshawaisha. Sasa nadhani ni tunda la wenye nguvu, kwa sababu asiye na nguvu hana cha kukizuia.

Hata waliolitengeneza walijua jambo hilo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2004 kampuni za magari za Japani zilikuwa na mapatano ya kiungwana kwamba gari lolote la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu ya farasi 280, na kwamba lifungwe lisizidi kilomita 180 kwa saa. Haikuwa sheria ya serikali. Waliona watu wanakufa barabarani, wakakubaliana kujiwekea mpaka wenyewe, ingawa kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuuvuka. Na ukivua tairi la mbele la gari langu utakuta breki kubwa kuliko za magari mengi ya mizigo midogo, kila moja na pistoni nne za kuibana. Fundi mwenye akili akiongeza nguvu ya injini huongeza na breki. Ningefurahi kama sisi tunaoombeana upako, fedha na vyeo tungeombeana breki kwa kiwango hichohicho.

Baba yangu hakuwahi kumiliki hata baiskeli, lakini jambo hili alilijua kabla yangu. Alikuwa mkulima wa pamba na mahindi upande wa Magu, na alikuwa na fahali mmoja mweusi ambaye watu walitoka vijiji vingine kuja kumtazama. Alipofundishwa kuvuta plau ilichukua msimu mzima. Siku za kwanza aliburuta watu wawili mpaka mtoni. Mwisho alikuwa akisimama kwa neno moja tu la baba, mistari ikiwa imenyooka, na mimi mtoto wa miaka minane nikitembea mbele yake bila hofu. Fahali yule hakupoteza nguvu hata robo. Ziliingia kwenye nira, zikalisha nyumba. Hesabu 12 inasema Musa alikuwa mpole kuliko watu wote duniani, naye ndiye aliyesimama mbele ya Farao. Nikisoma hapo namwona fahali wa baba.

Kuna mtu mwingine wa Biblia ambaye wenye magari tunapaswa kumjua. Ni Yehu mwana wa Nimshi, katika 2 Wafalme 9. Mlinzi aliyekuwa mnarani aliona kundi linakuja kwa mbali, na kabla hajaona uso wa mtu yeyote alimtambua Yehu kwa uendeshaji wake, maana alikuwa anaendesha kama mwenye wazimu. Buswelu ni pa kufahamiana. Kutoka Sabasaba, kupita Kiseke, mpaka hapa, watu wanatutambua kwa mwendo wetu kabla ya kuona sura. Nami huwa najiuliza: mama anayeuza nyanya kandokando ya barabara, akiliona gari la bluu linakuja, anavuta meza yake nyuma, au anaendelea kupanga nyanya?

Kuishi nalo si rahisi, na nisiwadanganye vijana. Linakunywa lita moja kwa kilomita saba au nane mjini, hivyo Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei, mke wangu huongeza sauti ya redio na kunitazama. Oili yake haingoji. Ukichelewesha, turbo inakudai kwa bei ya ng'ombe. Mkanda wa taiming ukifika kilomita laki moja lazima utoke, kwa sababu ukikatika pistoni zinagonga valvu na injini yote inakuwa chuma chakavu. Matuta ya mtaani kwetu nayavuka kwa mshazari, tairi moja moja, wakati bodaboda wananipita wakicheka. Mvua ikinyesha na mawe yakatokeza kwenye njia ya kwenda kwangu, gari linalala kwa jirani aliye karibu na lami nami natembea na viatu mkononi. Miezi minne mwaka juzi lilikaa juu ya mawe kwa sababu ya ada, kama tulivyopatana. Nilipanda daladala. Niliona nimebaki mtu yuleyule, na hilo lilinipa amani ambayo singeipata kwa njia nyingine.

Kanisani nako hakukuwa kimya. Mzee mwenzangu mmoja, ninayemheshimu kama kaka mkubwa, alinijia nyumbani baada ya juma la kwanza. Alikataa soda akaomba maji. Akasema, "Ndugu yangu, magari ya namna hii huku mtaani tunayajua kwa wahuni. Yanapiga risasi usiku, watoto wanaamka. Vijana wa kwaya wanakutazama wewe." Nilimshukuru, kwa sababu alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa wengine, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameondoa ekizosti ya kiwandani na kuweka bomba tupu la kupiga kelele. Juma lilelile nilitafuta ya asili, nikaifunga. Sasa linanguruma kwa chini, sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba. Mzee yule tangu hapo amepanda mara mbili kwenda vikao vya jimbo, na mara ya pili aliuliza mwenyewe kama tunaweza kupita njia ndefu.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo wengi wanalijua nusu. Usiku mmoja wa mwezi Aprili, saa nane, jirani alinigongea. Binti yake wa miaka sita alikuwa anabanwa na pumu, midomo imebadilika rangi. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulimweka nyuma na mama yake, tukashuka Nyakato, Buzuruga, Mabatini, tukapanda mlima wa Bugando. Baba wa mtoto aliniambia njia nzima, "Kanyaga, mzee, kanyaga." Nilikanyaga pale palipokuwa wazi na kuonekana. Penye maji na giza sikukanyaga, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya nikiwa nimeshika usukani, kusikia mtoto akitafuta pumzi nyuma yangu na kuuacha mguu utulie. Tulifika. Walimpokea, wakampa dawa na hewa, na asubuhi alikuwa anaomba chai.

Jumapili iliyofuata niliombwa nisimame nitoe ushuhuda. Kila mtu alikuwa ameshaupata ushuhuda wenyewe: Mungu alijua, ndiyo maana alimpa mzee wetu gari lenye kasi. Nilisimama. Nilimshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto, kwa wauguzi wa usiku, na kwa jirani aliyegonga mlango bila kuona haya. Lakini nilisema pia kwamba IST ya mwalimu wa nyumba ya tatu ingefika kwa tofauti ya dakika mbili tatu, na kwamba sikununua gari hili ili liwe ambulansi. Kanisa lilinyamaza kidogo. Nadhani baadhi walihuzunika, maana ushuhuda ule mwingine ulikuwa mtamu.

Niliukataa kwa sababu hii. Mtu akishajua kwamba kila anachokipenda lazima akitafutie kazi takatifu, ataanza kusema uongo mbele za Mungu, kidogo kidogo, na kwa lugha nzuri. Atasema nyumba kubwa ni kwa ajili ya wageni wa Injili, simu mpya ni kwa ajili ya kusoma Neno. Paulo anamwagiza Timotheo awaonye walio na mali wasijivune wala wasiitumainie, na mahali hapohapo anasema Mungu ndiye anayetupa vitu vyote tuvifurahie. Mambo hayo mawili yamekaa katika mstari mmoja, 1 Timotheo 6:17, na mimi sina ruhusa ya kuchukua moja na kuacha jingine. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la uwanjani ni hili: gari hili nililinunua kwa sababu nalifurahia. Mjane wa shilingi 500 simdai chochote kwa furaha yangu, na ahadi yangu ya jengo iko mbele yake kwenye orodha, imelipwa. Siku nitakapoona nalitumainia, au siku daftari la mke wangu litakapoonyesha limepita mbele ya sadaka, litauzwa. Hilo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, naye ametia sahihi kama shahidi.

Lililonisumbua kuliko maneno ya watu ni kijana wangu. Ana miaka 21 na leseni mpya. Mwaka jana aliniuliza, kwa heshima lakini akimaanisha, "Baba, kwa nini mtu anunue gari hili halafu aliendeshe kama Noah ya kwaya?" Wenzake walikuwa wakishindana usiku kwenye lami mpya, pikipiki kwa magari, na walikuwa wanamwambia baba yako anaogopa gari lake. Miezi miwili baadaye mmoja wa wale vijana, mtoto tuliyembatiza hapahapa, aligonga lori lililokuwa limesimama bila taa. Tulimzika Jumanne. Kijana wangu alishika jeneza upande wa mbele, kulia. Baada ya hapo hakuuliza tena, na kimya chake kilinitisha kuliko swali.

Sikumhubiria. Nilimwambia avae ovaroli. Tuliliweka gari juu ya jeki, tukavua matairi yote manne, nikamfundisha kubadilisha pedi za breki. Alishangaa ukubwa wake. Nikamweleza habari za mapatano ya Wajapani, na habari za fahali mweusi, ambaye alikuwa hajawahi kumsikia. Aliuliza mambo mengi juu ya babu yake siku ile: jinsi alivyomwita fahali, kama alimpiga, alifanyaje kumsimamisha. Nikamwambia hakumpiga. Alitembea naye kila siku mpaka fahali akaijua sauti yake. Yohana 10 inasema habari hiyohiyo kwa kondoo.

Tulipomaliza, breki mpya zinahitaji kuzoeshwa taratibu, na mimi nilikuwa na mikono michafu. Nikampa funguo. Alikaa, akarekebisha kiti, akafunga mkanda, akanitazama nifunge wa kwangu. Tukatoka tukielekea Nyamhongolo. Mwendo wake ulikuwa 40, na mikono yake ilikuwa imekaza sana kwenye usukani. Mbele yetu kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, thelathini au zaidi, na mtoto mdogo mwenye fimbo nyuma yao. Kijana alisimama mbali nao, akazima redio ili wasishtuke, akangoja mpaka ndama wa mwisho apite. Mtoto akatupungia fimbo. Naye akampungia.